DISKI ILIDONDOKA, SAUTI YA MZEE IKAPOTEA!

Wiki hii naomba tuweke kando kidogo habari za mapenzi na mitindo, tuongee mambo ya ofisini. Usigeuze ukurasa kwanza, kwani hata haya nayo yana machozi yake.

Nilipomaliza kidato cha nne nilijishikiza kwenye studio moja ya picha na video za harusi hapa hapa Mwanza mjini. Jina lake naliweka kapuni. Tulikuwa vijana watatu, kompyuta tatu na diski moja ya kuchomeka pembeni, ile wenyewe tunayoiita 'eksteno'. Huyu akimaliza kukata video anaichomoa, anampa mwenzake aweke muziki, naye anampa wa tatu achape picha. Siku nzima diski inazunguka kama kikombe cha kahawa kijiweni.

Siku moja ikanidondoka sakafuni. Ni mimi mwenyewe, simsingizii mtu. Nikaichomeka, ikalia tik, tik, tik... basi. Ndani mlikuwa na harusi kadhaa, ikiwemo ya dada mmoja tuliyempiga picha pale Jiwe la Bismarck, anacheka meno yote nje. Video yake tulikuwa hatujamkabidhi, na nakala nyingine haikuwepo.

Wiki mbili baadaye dada yule alivuka na meli kutoka Nansio, kavaa nguo nyeusi. Baba yake alikuwa amefariki.

"Mdogo wangu, hata sitaki video nzima," aliniambia. "Nipatie tu pale baba anaponipa nasaha."

Nilikosa la kumjibu. Bosi alimrudishia pesa yake yote, lakini sauti ya mzee inarudishwa na nani?

Huyo NAS ni mdudu gani?

Tangu siku ile nimekuwa nikiwasumbua mafundi kwa maswali, ndipo nikakijua kitu kinachoitwa NAS. Kwa lugha rahisi, ni ghala la mafaili la ofisi nzima. Ni kisanduku chenye diski, mara nyingi mbili au zaidi, ambacho kinatulia mahali pake na kuunganishwa kwa waya kwenye ruta au swichi ya ofisi. Kompyuta zote zinafungua mafaili humo bila mtu kuchomoa kitu. Synology na QNAP, kampuni zote za Taiwan, ni kati ya watengenezaji wanaojulikana sana.

Faida ya kwanza ni hiyo: hakuna cha kupeana mkononi, hivyo hakuna cha kudondosha. Ya pili, kila mfanyakazi anakuwa na paswedi yake. Mhasibu anaona hesabu, kijana wa mapokezi haoni. Kwa zahanati au shule hili si dogo, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde.

Ya tatu, diski mbili zinaweza kupangwa ziandike kitu kile kile, kama mtu na kioo chake. Moja ikifa, kazi inaendelea na nyingine. Ila ujue kabisa kuwa diski mbili za terabaiti 4 zikipangwa hivyo zinakupa nafasi ya terabaiti 4, si 8.

Ya nne, ghala lako halingoji intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na EASSy zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia. Siku kama hiyo aliyeweka kila kitu mtandaoni anabaki anakodoa macho, wakati mwenye NAS anaendelea kukata video zake. Tena piga hesabu: kamera ikirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ya harusi inakula gigabaiti 45. Kuzipandisha mtandaoni kwa kasi ya megabiti 10 ni saa kumi nzima! Ndani ya ofisi yenye swichi na nyaya za gigabiti ni kama dakika saba tu. Lakini ukinunua swichi ya bei chee ya megabiti 100, utangoja zaidi ya saa moja.

Usirukeruke kwanza

Asikwambie mtu kuwa mambo yote ni mteremko. Mkwanja unatoka: kisanduku, diski, swichi na ile betri ya UPS. Umeme ukikatika ghafla wakati diski inaandika, mafaili yanaweza kuharibika. Na sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tunazijua radi zetu, si za kitoto. Radi moja inaweza kuchoma kisanduku pamoja na diski zote.

Halafu wapo wahuni wa mtandaoni. Januari 2022 programu haramu iitwayo DeadBolt ilivamia visanduku vya QNAP vilivyoachwa wazi kwenye intaneti, ikafunga mafaili ya watu na kudai bitcoin 0.03 kwa kila kisanduku. Kwa hiyo usikianike chako hovyo mtandaoni, na programu zake uzisasishe.

Kubwa kuliko yote, kioo hakitunzi, kinaiga tu. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika kwenye diski zote mbili. Mwizi akibeba kisanduku, kabeba zote. Moto nao hauchagui. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 10, 2021, tuliona mali za watu zilivyoteketea kwa usiku mmoja.

Ndiyo maana wapiga picha wana kanuni yao, iliyoenezwa na Mmarekani Peter Krogh, naye mpiga picha: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na ofisi. NAS ni moja tu kati ya hizo.

Kama mfuko bado haujatuna, anza na eksteno mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine ilale nyumbani kwa bosi. Sisi tungefanya hivyo tu, dada yule wa Nansio angerudi na sauti ya baba yake.

Kesho ukifika kazini uliza swali moja: diski hii ikidondoka sasa hivi, nakala nyingine iko wapi? Wakianza kutazamana, ujue kazi mnayo. Tukutane wiki ijayo!