Mshale Usioyajua Mafuta

Je, wajua kwamba geji ya mafuta haipimi mafuta? Inachopima ni umeme. Ndani ya tangi kuna boya dogo lililoshikwa na mkono wa chuma. Mafundi hukiita kifaa hiki chote floti. Mafuta yakipungua boya linashuka, mkono unasugua ukanda wa resista, ukinzani unabadilika, na mshale kwenye dashibodi unasogea. Henry Ford hakuona haja ya haya yote. Model T, iliyoingia sokoni 1908, tangi lake lilikuwa chini ya kiti na dereva alilipima kwa kijiti.

Gari likitoka kiwandani, kama yale yanayounganishwa hapo Thika kwa Kenya Vehicle Manufacturers, geji na floti huwa zimezaliwa pamoja. Matata huanza mtu akitaka urembo. Pikapu yangu, Toyota ya zamani, niliinunua ikiwa imeshavuliwa dashibodi yake na kuwekewa bamba la alumini lenye geji za mviringo, utadhani inaenda Safari Rally. Ilipendeza, sikatai. Lakini mshale ulikuwa unalala kwenye E wakati tangini bado mna petroli, nami nakimbilia kituo cha mafuta bure. Nikaizoea hofu yake, nikaipuuza. Jioni moja gari likazimika kati ya Juja na Kalimoni, na safari hii E ilikuwa inasema kweli.

Fundi wa umeme hapa Kalimoni hakubadilisha kitu kwanza. Geji ina miguu mitatu: mmoja unapata umeme wa swichi kupitia fyuzi, wa pili unaenda athi, yaani bodi ya gari, wa tatu unashuka hadi kwenye floti. Aliuchomoa ule wa tatu, akaugusisha bodi ya gari kidogo tu, mbali na mdomo wa tangi. Mshale ukapanda hadi F. Akauachilia, ukarudi E. Kisha akatoa kichwa cha betri, maana mvuke wa petroli hausubiri cheche ya pili, akaitoa floti na kuipandisha kwa kidole huku mita ikisoma.

“Mzee, geji ni nzima, floti ni nzima,” akaniambia. “Ni vile tu hazisikizani.”

Floti ya Toyota nyingi za zamani hutoa kama omu 110 tangi likiwa tupu, na omu 3 likijaa. Geji yangu mpya ilifuata kipimo cha Ford za zamani: 73 likiwa tupu, 10 likijaa. Kwa hiyo floti ilipofika 73, mafuta yakiwa bado yapo, geji ilishakata tamaa. Na nilikuwa na bahati. Geji za GM za zamani huanzia 0 tangi likiwa tupu hadi 90 likijaa. Ukiifunga moja kwenye floti ya Toyota, kadiri unavyojaza tangi ndivyo mshale unavyoanguka.

Dawa ilikuwa resista mbili nene. Ya kwanza, omu 165, inafungwa sambamba na floti: mguu mmoja kwenye waya, mwingine athi. Dukani hupati 165, unaunga 150 na 15. Ya pili, omu 7 hivi, inakaa njiani kwenye waya wenyewe. Sasa piga hesabu: 110 sambamba na 165 inatoa 66, ongeza 7 upate 73. Upande wa tangi lililojaa, 3 inabaki karibu 3, ongeza 7 upate 10. Hesabu za shule ya upili hizo, nilizoapa kwamba sitazihitaji tena.

Ila hesabu hiyo inanyoosha ncha mbili tu, E na F. Katikati kila tangi lina umbo lake na kila geji ina tabia yake. Fundi akabandika utepe wa karatasi chini ya kioo cha geji, tukaanza na tangi tupu, dumu la lita 5 kwa zamu, na kila dumu alama moja ya kalamu. Kati ya dumu la kwanza na la pili mshale ulisogea upana wa kidole. Kuelekea mwisho ulikuwa unasogea upana wa ukucha. Utepe sijautoa mpaka leo. Umeharibu urembo wote wa lile bamba.