Nyimbo za Jembe na Namna za Kuandika Muziki

Sauti ya muziki hudumu kwa muda ule inapotolewa, kisha hutoweka. Ndiyo sababu watu wa nyakati na nchi mbalimbali wamebuni alama za kuiandika. Alama hizo si za namna moja, wala hazikubuniwa kwa haja moja. Na mtu atumiaye hati isiyofaa kwa kazi aliyo nayo hupoteza sehemu ya muziki pasipo kujua kwamba ameipoteza.

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita jambo hili lina uzito wa pekee. Nyimbo za kulimia, ambazo vikundi vya vijana wa Kisukuma waliziimba wakishirikiana kulima kwa jembe la mkono, zilirithiwa kwa sikio. Plau la kukokotwa na ng'ombe, na baadaye trekta, yamepunguza ukulima wa namna hiyo, nao wazee wanaozijua nyimbo hizo wanazidi kupungua. Mwalimu au mwanafunzi atakaye kuziandika hana budi kujua kwanza ni hati ipi ihifadhiyo nini.

Hati iliyozoeleka zaidi katika sehemu hizo ni solfa, ile inayoandikwa ubaoni na walimu wa kwaya. Asili yake ni Uingereza. Mwalimu Sarah Glover wa mji wa Norwich aliichapisha njia yake mwaka 1835, na kuanzia mwaka 1841 mchungaji John Curwen akaichukua, akairekebisha na kuieneza. Wamisionari ndio walioileta Afrika. Herufi d, r, m, f, s, l na t husimama badala ya sauti saba za ngazi ya muziki, na alama za kawaida za uandishi huonyesha muda, kama katika mfano huu mfupi:

| d : m | s : – | d' : s.m | d : – ||

Mstari wa wima hutangulia pigo lenye nguvu. Nukta mbili hutangulia pigo dhaifu. Kistari huamuru sauti iendelee kushikwa. Nukta moja huligawa pigo nusu kwa nusu. Na alama ndogo kando ya d ya pili huonyesha kwamba ni do ya juu. Hakuna kinachohitajika isipokuwa chaki, au taipureta, au mtambo wowote wa kupigia chapa vitabu. Urahisi huo ndio uliowawezesha watu maskini wa viwandani Uingereza, na baadaye wanakwaya wa Afrika, kuimba kwa sauti nne bila kumiliki kinanda. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini aliitumia solfa, naye ndiye aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake ilikuja kuwa ya wimbo wa taifa la Tanzania. Kwa hiyo kila asubuhi wanafunzi wanapopandisha bendera huimba wimbo wa mtunzi aliyezoea kuandika muziki kwa herufi.

Hati ya mistari mitano ina umri mkubwa zaidi. Mizizi yake imo katika kazi ya Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11, aliyetumia mistari minne na ambaye silabi zake ut, re, mi, fa, sol, la ndizo chimbuko la majina yatumikayo hata katika solfa. Mwanafunzi wa hisabati aweza kuiona hati hii kuwa ni aina ya grafu: muda huenda kutoka kushoto kwenda kulia, na kimo cha sauti hupanda kutoka chini kwenda juu. Lakini ni grafu yenye vipimo visivyo sawa. Kupanda kutoka mstari hadi nafasi inayofuata mara nyingine ni hatua nzima, na mara nyingine ni nusu hatua. Na nota ndefu haichukui nafasi kubwa zaidi karatasini kwa kadiri ya urefu wake, bali hujulikana kwa umbo lake. Tofauti kubwa kati ya hati hizi mbili ni kwamba mistari mitano hutaja sauti yenyewe, ilhali solfa hutaja uhusiano wa sauti na do. Mwalimu wa kwaya akiona wimbo uko juu mno, huwapa waimbaji do ya chini zaidi, wala haandiki upya hata herufi moja. Mpiga tarumbeta hana faida hiyo, kwani vidole vyake vyataka kujua sauti halisi.

Mwaka 1958 mtaalamu wa Marekani, Charles Seeger, alipambanua maandishi ya kuagiza na maandishi ya kueleza. Ya kwanza humwambia mwimbaji afanye nini; ya pili hueleza kilichokwisha kufanywa. Solfa na mistari mitano zote mbili zilikuzwa kwa kazi ya kuagiza, miongoni mwa watu wanaojua tayari namna ya kujaza yasiyoandikwa. Mtu akizitumia kueleza wimbo wa watu wengine, hujaza mapengo hayo kwa mazoea yake mwenyewe. Hapo ndipo makosa mengi yanapoingia.

Kosa la kwanza ni la ngazi ya muziki. Mwaka 1885 Mwingereza Alexander Ellis alitoa kipimo kiitwacho senti (kisichohusiana na fedha). Sauti mbili ambazo mitetemo ya moja ni maradufu ya nyingine zina umbali wa okteva moja, na okteva hugawanywa katika senti 1200. Katika kinanda okteva ina hatua 12 zilizo sawa, yaani senti 100 kila moja. Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, nchini Uganda, amadinda ya Waganda, ambayo ni marimba ya magogo 12, ina sauti tano tu katika okteva, na umbali baina yao hukaribia kuwa sawa: yapata senti 240. Tuseme sauti moja ina mitetemo 440 kwa sekunde. Inayofuata, ikiwa umbali ni senti 240 kamili, itakuwa na mitetemo 505 hivi. Kinanda hakina sauti hiyo. Kina ya 494 na ya 523. Mwandishi wa nota atalazimika kuchagua mojawapo, na kwa vyovyote vile atakuwa amekosea. Hali kadhalika Wagogo wa Dodoma, ambao muziki wao hufuata mafungu asilia ya mitetemo, hutumia sauti ya saba iliyo chini ya ile ya kinanda kwa senti 31. Msikilizaji aliyelelewa na kinanda husema kwamba wameimba vibaya!

Gerhard Kubik wa Austria alipojifunza amadinda kwa Evaristo Muyinda, aliuandika muziki huo kwa tarakimu 1 hadi 5. Tarakimu haidai kwamba sauti fulani ni "re" au "mi". Husema tu ni gogo lipi lipigwe. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa katika amadinda wapigaji wawili hupishana, kila mmoja akipiga katikati ya mapigo ya mwenzake, na masikioni huzuka nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga. Mwenye kuandika anachokisikia ataandika kitu ambacho hakiwezi kupigwa na mtu yeyote.

Kosa la pili ni la mdundo, nalo ndilo linaloihusu hasa ngoma ya Kisukuma. Katika bugobogobo, majembe huinuliwa, hurushwa na kushushwa kufuatana na ngoma kubwa. Solfa hudai kwamba waimbaji wote wakubaliane juu ya pigo lenye nguvu. Je, itakuwaje ngoma moja ikigawa muda kwa tatu, na nyingine kwa nne? Kwa haja hiyo Philip Harland wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alibuni mwaka 1962 hati ya visanduku. Kila kisanduku ni kipande kidogo cha muda kilicho sawa na vingine. Pigo huandikwa kwa x na ukimya kwa nukta. Mfano ufuatao umebuniwa kwa ajili ya darasa:

Ngoma ya kwanza: x . . . x . . . x . . .
Ngoma ya pili: x . . x . . x . . x . .

Mara moja huonekana kwamba ngoma hizo hukutana katika kisanduku cha kwanza tu kati ya 12, na hakuna aliyeamuriwa ni ipi iliyo ya msingi. Mstari wa tatu waweza kuongezwa kwa makofi, na wa nne kwa jembe. Jembe likigusa ardhi ni ala ya muziki kama ngoma, na hati isiyo na mahali pa kuliandika imeuacha nje mwili wa mlimaji. Hata hivyo visanduku havisemi lolote juu ya kupanda na kushuka kwa sauti ya mwimbaji.

Kosa la tatu halionekani katika nyimbo za Kiswahili, na pengine ndiyo sababu husahauliwa. Kiswahili hakitofautishi maneno kwa toni. Kisukuma ni lugha ya toni, ambamo kimo cha sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Zaidi ya hayo, toni ya juu ya neno la Kisukuma yaweza kusogea mbele na kusikika katika silabi zinazofuata, hata katika neno jingine. Kwaya ya mji wa Geita, ambako dhahabu imewaleta pamoja watu wa lugha nyingi, huimba kwa Kiswahili, na solfa huitosha. Wimbo wa Kisukuma ni jambo jingine. Maneno yakipachikwa juu ya sauti iliyotungwa kwa lugha ya kigeni, wimbo waweza kuvutana na lugha, na msikilizaji akapata tabu kuelewa kinachoimbwa.

Huenda ikadaiwa kwamba siku hizi simu hurekodi kila kitu, kwa hiyo hati zote zimekwisha kazi. Kurekodi ni lazima, tena kulianza zamani: mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi muziki wa Tanganyika, ukiwamo wa Wasukuma, na katika safari zake za Afrika alipima sauti za ala kwa vyuma vyenye umbo la uma vitoavyo sauti zisizobadilika. Mwaka 2010 Frank Gunderson alichapisha kitabu chenye nyimbo zaidi ya mia tatu za kazi za Wasukuma. Lakini sauti iliyorekodiwa huchanganya ngoma na makofi pamoja. Haisemi ni mkono upi uliopiga, wala mguu ulikuwa wapi.

Kwa shule ya sekondari njia ifaayo ni kumwomba mzee ayaseme kwanza maneno ya wimbo, sentensi nzima nzima na si neno moja moja, na kuweka alama juu ya kila silabi yenye toni ya juu. Kisha aimbe, arekodiwe, na sauti iandikwe kwa solfa pamoja na mshale mdogo wa kupanda au kushuka popote inapopotoka do-re-mi ya kinanda. Mapigo huandikwa kwa visanduku, jembe likipewa mstari wake. Mwendo hupimwa kwa saa: huhesabiwa ni mara ngapi jembe linashuka katika sekunde 30, na hesabu hiyo hurudiwa mzee akiwa shambani, kwa kuwa mtu aimbaye akiwa ameketi huenda asishike mwendo ule ule wa mtu anayelima.