Fahamu: Leso ya Biashara Street na asili yake ya Kilatini

Unaponunua doti ya leso Biashara Street, Mombasa, unataja neno lenye asili ya Kilatini. Warumi waliita kitambaa cha kitani linteum; Wahispania wakapata lienzo, Wareno lenço, yaani kitambaa cha mkononi. Wareno, walioanza kujenga Fort Jesus 1593, ndio waliotuachia neno hilo. Vazi lenyewe, kwa masimulizi ya pwani, ni ubunifu wa wanawake wetu: walinunua vitambaa hivyo kabla havijakatwa, wakaunga sita, vitatu juu, vitatu chini, wakajifunga. Heshima hiyo ni yao. Leo leso nzuri ina pindo, mji na jina, na mteja mzoefu husoma jina kabla ya kuuliza bei.