Gari limekimbia, mguu umebaki

Oktoba ikifika, maghala ya vyama vya msingi kuanzia Masasi hadi Newala hujaa korosho, na malori huanza safari za kwenda bandarini Mtwara. Bodaboda nao huchangamka, maana hela ipo. Anayebanwa ni mtembea kwa miguu, ndoo kichwani au mtoto mgongoni. Akigongwa saa moja jioni na dereva akakanyaga mafuta, malipo yake yatategemea kwanza kama kuna mtu aliyewahi kusoma kibao cha namba ndani ya lile vumbi: T kwa gari, MC kwa pikipiki. Wakili na hakimu wanakuja baadaye sana.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva asimame, asaidie majeruhi na kutoa taarifa polisi. Madereva hujitetea kwamba wanaogopa wananchi wenye hasira kali, na hofu hiyo si ya kubuni. Lakini anayeogopa kipigo hukimbilia kituo cha polisi. Anayekipita kituo akaenda gereji kubadilisha taa iliyopasuka ana hofu nyingine.

Tuseme amekamatwa. Trafiki wanamfikisha mahakamani, anakiri, anatozwa faini, na kijijini habari inazagaa kwamba kesi imekwisha. Faini imekwenda serikalini; majeruhi hajapata hata nauli. Kesi ya fidia ni ya madai, na lazima aifungue mwenyewe dhidi ya dereva na mwenye gari. Nakala ya hukumu ile ya trafiki aitunze pamoja na fomu ya polisi ya matibabu, PF3, kwani kwa Sheria ya Ushahidi, mtu akitiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, hukumu hiyo inathibitisha kosa lake. Mwenye gari naye analazimika kuwa na bima ya mtu wa tatu chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, na ukiwa na namba ya gari, mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, unaonyesha kama bima ipo. Kampuni ya bima ipewe taarifa mapema kwamba shauri linafunguliwa, la sivyo itapata upenyo wa kukwepa kulipa hukumu.

Kabla ya yote hayo, mara nyingi huja wazee wa upande wa dereva. Tumalizane kinyumbani, wanasema, na wanaacha hela ya dawa. Karatasi inaandikwa kwa mtendaji wa kijiji, majeruhi anaweka dole gumba kwamba hatadai tena, na bandeji yake haijabadilishwa hata mara ya pili. Sina ugomvi na suluhu. Ugomvi wangu ni na haraka yake: wakati huo hata daktari hajui kama mfupa utaunga sawasawa.

Kilema hakijionyeshi siku ya kwanza. Mtu anaanzia hospitali ya Mkomaindo au Ndanda, pengine anapelekwa ile ya Ligula, na mwenye bahati ya nauli anafika taasisi ya mifupa, MOI, pale Muhimbili. Anarudi na vyuma mguuni. Mei ikikaribia, mikorosho inataka salfa, na mashine ya kupulizia hubebwa mgongoni huku injini inanguruma, mti hadi mti, kwenye mchanga. Mguu wenye vyuma hauiwezi kazi hiyo. Anaweka kibarua. Msimu wa kuokota, anayeshinda ameinama shambani ni mkewe na watoto.

Mahakamani hasara hii inapata shida. Fidia maalumu lazima itajwe kwa hesabu kwenye hati ya madai na kuthibitishwa, na nani humwandikia kibarua wa salfa risiti? Kinachobaki ni fidia ya jumla, ambayo hakimu hukadiria kwa kuangalia maumivu na ulemavu wa kudumu kama daktari alivyouandika. Anayeijua kazi ya shamba huingiza humo hesabu za chama cha msingi: kilo alizopeleka kabla ya ajali na kilo za baada yake. Hiyo karatasi ipo, na si ya kudharau.

Muda nao una ukomo. Kwa Sheria ya Ukomo, madai ya namna hii hufunguliwa ndani ya miaka 3. Mkulima anayesubiri korosho zilipe ndipo amtafute wakili ana misimu mitatu tu, na mmoja ameumalizia kitandani. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wangemwonyesha njia bila malipo.

Na gari lisipojulikana kabisa? Mwalimu akigongwa akiwa kazini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unamhusu hata kama dereva ameyeyuka. Mkulima aliyegongwa kwenye barabara ileile hana mwajiri, na Sura ya 169 inamlinda dhidi ya gari lenye namba tu. Rwanda wana mfuko maalumu wa dhamana unaowafidia walioumizwa na magari yasiyojulikana au yasiyo na bima. Uingereza, kampuni za bima zinachangia chombo cha kazi hiyo kilichoundwa mwaka 1946. Kwetu kila mwenye gari anatakiwa kulipia bima, na sehemu ya malipo hayo inaweza kutengwa kwa ajili ya aliyeachwa barabarani. Wabunge wa Masasi na Newala wana sababu ya kulipeleka hilo Dodoma kabla ya wenzao.