Mashine ya mkate Newala: nunua mikono, usinunue tanuri

Minada ya korosho ikishaanza mwezi Oktoba na malipo ya vyama vya msingi yakaingia kwenye akaunti za wakulima, nyumba nyingi za Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na za Masasi kule chini yake hununua vitu vilivyotamaniwa mwaka mzima: bati, godoro, friji, na siku hizi vyombo vya umeme vya jikoni. Mashine ya mkate bado ni ya wachache, lakini ahadi yake ni tamu. Unatia maji, unga wa ngano, hamira, sukari na chumvi, unabonyeza kitufe, na baada ya saa tatu hadi nne mkate umekandwa, umeumuka na umeiva ndani ya bakuli lile lile. Wauzaji husifia idadi ya programu, kioo cha namba na rangi ya bati la nje. Mimi naona mashine hii inafanya kazi mbili zilizo mbalimbali, kukanda na kuoka, na kwa mazingira ya huku ni ile ya kwanza tu inayostahili kulipiwa.

Tuanze na kuoka, maana hapo ndipo wengi hudhani wataokoa fedha. Mashine ya wati 600 haili wati 600 muda wote. Wakati wa kukanda mota hufanya kazi peke yake, na wakati wa kuumua kipasha joto huwaka kidogo na kuzima. Mkate mmoja humaliza takriban 0.4 ya uniti. Oveni ndogo ya mezani ya wati 1,500, pamoja na dakika za kuipasha, humaliza karibu 0.8. Tuseme uniti moja ni shilingi 350: tofauti ni shilingi 140 kwa mkate. Tuseme pia mashine inauzwa shilingi 300,000 na oveni 120,000. Ili umeme urudishe zile 180,000 zilizozidi, itabidi uoke mikate karibu 1,300, na kwa nyumba inayooka miwili kwa wiki hiyo ni zaidi ya miaka 12. Hapo bado nimeionea oveni. Yenyewe huingiza mikate miwili kwa moto mmoja, na ukifanya hivyo tofauti ya umeme inaisha kabisa. Kuku na keki navyo vinaingia humo humo.

Kukanda ni habari nyingine. Kampuni ya Matsushita ya Japani, iliyotengeneza mashine ya kwanza ya namna hii kwa ajili ya nyumbani, ilikwama hapo hapo: mkate uliiva nje na ndani ukabaki mbichi. Mtaalamu wake wa programu, Ikuko Tanaka, alikwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka, akagundua kwamba yule bwana havuti unga tu, bali huusokota huku akiuvuta. Wahandisi wakaongeza mbavu ndani ya chombo ili unga ushikwe na kusokotwa, na mashine ikaingia sokoni mwaka 1987. Utaalamu uliolipiwa jasho, kwa hiyo, umo katika kukanda. Na programu ya kukanda bila kuoka, ambayo mashine nyingi zinayo ingawa hakuna muuzaji anayeitangaza, hutoa donge lililoumuka kwa muda wa saa moja na nusu hivi, tayari kwa boflo, maandazi au skonzi.

Mwalimu au muuguzi atanipinga, na ana haki. Kwake faida ni kutia vitu usiku, kutega saa, na kuamka asubuhi mkate uko tayari. Oveni haifanyi hivyo. Lakini ahadi hiyo inategemea umeme usiokatika kwa saa nne mfululizo, na kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zilijiendesha nje ya gridi ya taifa kwa mitambo ya gesi ya Mtwara mjini, na laini ndefu hadi huku juu. Mashine yenye kumbukumbu huvumilia kukatika kwa dakika kumi hivi, zile za bei nafuu hurudi mwanzo. Umeme ukikatika katikati ya kuoka, umepoteza unga na hamira. Ukikatika wakati wa kukanda, unamalizia kwa mkono, unatia donge kwenye sufuria, unaweka mkaa chini na juu ya mfuniko, na watoto wanakula.

Kuna pia wanaosema mashine ya nini wakati mikono ipo na mkate wa kumimina haukandwi hata kidogo. Hao nawaelewa zaidi, na kwa nyumba inayotengeneza mkate mara moja kwa mwezi naafikiana nao. Ila juu ya uwanda kuna mambo mawili. Newala ni ya baridi na upepo wakati wa kipupwe, na Mjerumani Karl Weule, aliyekaa huko mwaka 1906, aliulalamikia upepo huo kitabuni. Donge lililoachwa mezani mwezi Julai huchelewa kuumuka, lakini ndani ya mashine linapata joto lake. Pili, uwanda hauna mito, maji husukumwa kwa pampu kutoka bondeni, na bakuli moja huoshwa kwa maji machache kuliko beseni, meza na mikono. Muhogo, chakula kikuu cha huku, mashine haiutaki sana. Hauna mnato wa ngano. Changanya sehemu moja kwa tisa za ngano, kiwango ambacho Nigeria iliwahi kuwataka wasaga ngano wake wakifuate; ukizidisha mno mkate unatoka kama tofali.

Kabla ya kutoa fedha, geuza mashine usome kibandiko. Kinatakiwa kuandikwa volti 220 hadi 240. Mtumba wa Uingereza unafaa, hata plagi yake ni hii hii yetu. Wa Japani ni wa volti 100, na ukiuchomeka moja kwa moja kipasha joto kitavuta umeme zaidi ya mara tano ya kilichopangiwa na kuungua. Uliza kama kijiti cha kukandia cha akiba kinapatikana, kwa sababu hicho na raba iliyo chini ya bakuli huchakaa mapema, na fundi wa mjini anayefufua oveni kwa kubadilisha waya na swichi hana la kufanya kama kipuri hakipo. Kisha nenda dukani na nusu kilo ya unga na maji yako, uombe ichomekwe, uisikilize ikikanda kwa dakika kumi. Ikinguruma na kusogea mezani kwa donge dogo hilo, mwachie muuzaji mashine yake.