Mtambo wasoma hisia, si siri za moyo

MTU akicheka, si lazima awe na furaha. Wengi huficha huzuni huku nyuso zao zikiwa kunjufu. Je, mtambo unaweza kuitambua hisia iliyofichwa?

Wataalamu wanalichunguza swali hili kwa kupima mawimbi ya ubongo. Chembechembe za ubongo huwasiliana kwa umeme hafifu. Mnamo 1924 daktari Mjerumani, Hans Berger, aliunasa umeme huo kutoka kichwa cha binadamu mjini Jena, akatangaza matokeo yake 1929. Leo kipimo hicho huwafaa madaktari hasa katika kuchunguza kifafa.

Vipande vidogo vya chuma hubandikwa kichwani na kuunganishwa kwa nyaya na mashine. Mtu akifumba macho na kutulia, mawimbi huwa kati ya 8 na 13 kwa sekunde. Akifumbua macho na kufikiri, hayo hupungua na ya kasi zaidi hutokea.

Katika utafiti wa DEAP uliochapishwa 2012, watu 32 walipimwa wakitazama video 40 za muziki, kila moja ya dakika moja. Baada ya kila video, walieleza walivyojisikia. Kwa kulinganisha majibu na mawimbi, kompyuta hujifunza kukisia hisia.

Hapo ndipo penye kasoro. Mtambo haujui furaha ni nini. Hutegemea maneno ya mtu mwenyewe. Tena mawimbi hutofautiana baina ya watu, na hata kupepesa macho huvuruga kipimo.

Watafiti wanatumaini kuwasaidia wagonjwa wasioweza kusema. Hata hivyo, kuna hatari ya waajiri kuwapeleleza wafanyakazi. Ndiyo sababu tangu Februari 2025 sheria ya Muungano wa Ulaya inakataza kompyuta kukisia hisia za watu kazini na shuleni, isipokuwa kwa ajili ya matibabu au usalama. Hapa Kenya, sheria ya 2019 ya kulinda data inataka habari za afya ya mtu zitunzwe kwa uangalifu wa pekee.

Daktari akikuagiza upimwe mawimbi ya ubongo, usiogope. Mtambo huo hautii umeme kichwani, wala hausomi mawazo. Osha nywele na usizipake mafuta. Na ukitaka kujua yaliyo moyoni mwa mwenzako, kumjulia hali kungali kipimo cha kwanza.