NYUMBA YA KWANZA YA ASKARI NA MKEWE

Vijana wetu wengi wa Kiislamu wamo katika Jeshi la Wananchi, na baada ya miaka ya mwanzo ya utumishi wao huomba ruhusa kwa wakubwa wao wakaoa. Posa hupelekwa, mahari hutajwa, ndoa husomwa, pilau huliwa, na wazee hurejea makwao wakiwaombea maarusi kheri na baraka. Lakini liko jambo moja ambalo katika vikao vyote hivyo aghalabu halitajwi, nalo ni hili: siku askari atakapotakiwa kurudi kikosini, mkewe atalala nyumba gani?

Sisi tukaao Kyela, huku kaskazini ya Ziwa Nyasa, twaletewa swali hili kila mara, na huletwa likiwa limekwisha kuwa ugomvi. Kijana yuko Mbeya au mbali kupita Mbeya. Nyumba za kambini zipo, na katika miaka ya 2010 Serikali ilijenga nyumba za wanajeshi kwa maelfu kwa mkopo kutoka China. Hata hivyo askari mwenye cheo cha chini huenda akangoja zamu yake. Pengine akipata nyumba hupata na uhamisho, au hupelekwa nje ya nchi kulinda amani, kama walivyopelekwa askari wetu Darfur na Kongo. Basi mke hubaki. Na hubaki wapi? Kwa wakwe zake, katika chumba cha uani, kwa muda usiojulikana mwisho wake.

Yapasa kwanza tujue Sheria yasemaje. Katika Sura ya Talaka, aya ya 6, Mwenyezi Mungu amewaamrisha waume wawaweke wanawake mahali wanapokaa wao wenyewe, kwa kadiri ya uwezo wao, wala wasiwadhuru kwa kuwatia katika dhiki. Aya hiyo yataja wanawake walio katika eda. Ikiwa mke aliyeachwa ana haki ya kukaa nyumbani hata eda yake iishe, je, huyu aliye katika ndoa, ambaye hata hina haijamtoka mikononi? Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameeleza kuwa maskani ya mke yatakiwa iwe ya kumfaa mtu wa hali yake, wala haikushurutishwa iwe milki ya mume. Ya kupanga yatosha, hata ya kuazima yatosha. Twaomba vijana walisome neno hili mara mbili, maana fitina nyingi tulizozisuluhisha zilitokana na kutolijua. Tena neno maskani lina asili moja na neno la Kiarabu la utulivu. Na katika Sura ya Nyuki, aya ya 80, Mola wetu amezihesabu nyumba kuwa miongoni mwa neema zake kwa sababu ndimo mtu apatamo kutulia. Chumba ambacho mtu hatulii ndani yake kina kuta na paa, lakini jina la maskani hakijalistahili.

Mwaka jana tulimpokea kijana mmoja askari, ambaye alipokuwa mtoto alihitimu Juzuu Amma katika madrasa yetu. Jina lake hatulitaji. Alimwoa binti wa watu, fundi cherehani, akamwacha kwa wazazi wake upande wa Ipinda, naye akarudi Mbeya. Nia yake ilikuwa njema. Alikuwa akijinyima ili ajenge nyumba ya matofali ya kuchoma na mabati, yenye vyumba vinne na baraza, asije akasemwa kwamba mkewe ni mpangaji. Matofali elfu 6 yalikuwa yamekwisha chomwa. Lakini ulipotimia mwezi wa tisa bibi huyo alifunga nguo zake akaenda kwa baba yake, na baba yake akaleta ujumbe kuwa hamrudishi mpaka aonyeshwe nyumba.

Bibi alipoulizwa hakumsingizia mtu. Alisema chakula anapata, na mama mkwe ni mpole. Taabu yake ilikuwa ni adabu. Katika desturi ya Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe wake hukwepana kwa heshima kubwa; haifai waonane uso kwa uso. Mzee yule ni Mwislamu wa sala tano, lakini desturi hiyo hakuiacha, na mahali pake pa kukaa ni chini ya mwembe, katikati ya ua. Basi maadamu mzee yupo uani, bibi yumo chumbani. Choo ki ng'ambo ya mwembe. Cherehani imefunikwa, kwa kuwa wateja hawana njia ya kumfikia. Mzee naye, masikini, alikuwa akikohoa kila atokapo mlangoni ili kumtahadharisha, hata majirani wakadhani ana kifua.

Tulipomweleza mzee kwamba kijana hana budi kutafuta nyumba ya kupanga, alihuzunika sana. Alituuliza, "Nyumba yangu ina kasoro gani, Mwalimu, hata mwanangu amlipe mtu baki kodi?"

Tulimjibu kwa mambo ya wazee wake mwenyewe. Bibi Monica Wilson, mtaalamu wa mila za watu kutoka Afrika ya Kusini, alikaa na mumewe katika nchi ya Wanyakyusa kati ya miaka ya 1934 na 1938, na kitabu chake cha mwaka 1951 chaeleza habari ambayo vikongwe wetu nao huisimulia. Zamani mtoto wa kiume akifika umri wa yapata miaka 10 aliacha kulala kwa baba yake. Yeye na hirimu zake walijijengea kijiji chao pembeni, na kila mmoja alipooa, alimleta mkewe kijijini humo, katika nyumba yake. Na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni hiyo hiyo ya kumwepusha mkamwana na baba mkwe. Nyumba zao zilikuwa za mianzi, lakini zilikuwa safi hata Joseph Thomson, mwenyeji wa Skochi aliyepita kaskazini ya ziwa mwaka 1879, alizistaajabia. Maana yake ni kuwa desturi ile ya kukwepana ilikwenda pamoja na nyumba ya peke yao. Sisi wa leo tumeishika nusu ya kwanza na nusu ya pili tumeiacha, na anayelipa gharama ni mkamwana. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema kuwa babu yake alizaliwa katika kijiji cha namna hiyo.

Kijana naye alikuwa na lake: aliona haya kupanga. Kwa ajili yake tulikumbusha habari ya Sayyidna Ali bin Abi Talib (R.A.). Hakuna atakayesema Ali hakuwa askari. Alipigana Badr mwaka wa 2 wa Hijra, na katika mwaka huo huo akamwoa Bibi Fatma (R.A.), binti wa Mtume wetu (S.A.W.). Mahari aliipata kwa deraya yake, vazi la chuma la vitani, maana hakuwa na mali nyingine ya kutajika. Nyumba pia hakuwa nayo. Wapokezi wa sira wasimulia kuwa aliitafuta akapata moja iliyokuwa mbali kidogo na nyumba ya Mtume, na Mtume alipenda binti yake awe karibu. Haritha bin Numan, sahaba wa Kiansari aliyekuwa na nyumba jirani na Mtume, aliposikia akaja mwenyewe akatoa nyumba yake, na maarusi wakahamia. Basi mbora wa wanawake alianza maisha ya ndoa katika nyumba iliyotoka kwa mtu mwingine, wala hapana aliyemcheka mumewe.

Na ziko habari za Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), ambaye katika ukhalifa wake, mwaka 634 hata 644, miji ya Basra na Kufa ilianzishwa kuwa makao ya askari. Nyumba za kwanza za miji hiyo zilikuwa za matete. Moto ulipozichoma, askari waliomba ruhusa ya kujenga kwa matofali, na wanahistoria wasimulia kuwa Umar alikubali kwa sharti kwamba mtu asizidishe vyumba vitatu wala wasishindane kwa urefu wa majengo. (Kijana wetu na vyumba vyake vinne alicheka hapa.) Ni Umar huyo huyo aliyemsikia usiku, katika mitaa ya Madina, mwanamke akilalamikia upweke, mumewe yuko vitani. Akamwuliza binti yake, Bibi Hafsa, mke aweza kuvumilia muda gani. Riwaya moja yasema miezi 4, nyingine yasema 6. Na Umar akatoa amri kwa majemadari kuwa askari mwenye mke asizuiliwe kupita muda huo.

Hata Wajerumani, ambao boma lao la juu huko Tukuyu waliliita Neu-Langenburg, waliwaacha askari wao wakae na wake na watoto katika vijiji vilivyo kando ya boma. Katika Vita vya 1914 hata 1918 wake hao walifuata jeshi kwa miguu, wakipika na kulea njiani, hata silaha zilipowekwa chini huko Abercorn, ambayo siku hizi ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Nyumba yao ya kwanza wengine waliibeba kichwani.

Askari wetu alipata likizo ya siku 7 na kazi ya kutafuta ikaanza. Tulishika shauri moja: mkewe afuatane naye katika kila nyumba. Baadhi ya jamaa walinung'unika, tukawauliza ni nani atakayekaa humo usiku na mchana.

Nyumba ya kwanza aliileta dalali, kwenye njia ya Itungi. Ilikuwa pana, na kodi yake ndogo ajabu. Bibi ndiye aliyetazama ukuta akaona chokaa mpya imepakwa kutoka chini hadi magotini tu, na juu yake chokaa ni kuukuu. Mwenye kuijua Kyela hahitaji kuelezwa. Nchi yetu ni tambarare, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote hushuka kutoka milimani ikapita hapa kuingia ziwani. Mvua za masika zikishika, na hasa mwezi wa Aprili, maji huingia majumbani. Maji hayo hupita vyooni kabla ya kufika visimani, na ndiyo sababu kipindupindu si mgeni kwetu. Twawashauri wote wanaotafuta nyumba katika mwambao huu waitazame wakati wa masika, na kama ni kiangazi, wawaulize watoto wa jirani maji hufika wapi. Watoto husema kweli. Dalali ana ujira wake wa kuufikiria.

Nyumba ya pili ilikuwa katikati ya mji, yenye umeme na sakafu nzuri, lakini ukuta wake wa nyuma ulishikana na kilabu cha pombe. Hatukukawia hapo. Waarabu husema jirani kabla ya nyumba, na mke atakayelala peke yake miezi mingi ahitaji jirani kuliko sakafu.

Ya tatu ilikuwa chumba na sebule katika ua wa bibi mmoja mjane, mwendo mfupi kutoka msikitini. Sisi Waislamu ni wachache Kyela, na msikiti ulio karibu ni jambo kubwa kwa mgeni wa mtaa. Bati lilivuja pembeni. Kisima kilikuwa na mfuniko, choo kimeinuliwa juu ya tuta, mlango una komeo la ndani, na sebule ina dirisha la kuelekea njiani ambapo cherehani yaweza kuwekwa wateja wakaiona. Mama mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi 6 mbele, kama ilivyo desturi. Fedha hiyo kijana hakuwa nayo ila ile aliyoiweka kwa ajili ya msingi. Alitazama chini kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nyumba ya matofali itangoja. Huyu amekwisha ngoja."

Mkataba uliandikwa, kwa kuwa Mola wetu ametuamrisha katika Sura ya Ng'ombe kuandika madeni ya muda na kuyashuhudisha, na kodi nayo ni mali ya muda. Uliandikwa kwamba bati litatengenezwa kabla ya masika na gharama yake itakatwa katika kodi ya baadaye. Mashahidi wakatia sahihi, na mwenyekiti wa kitongoji akagonga muhuri. Kijana akaandika pia, kwa mkono wake, kiasi atakachompelekea mkewe kila mwezi kwa simu, na karatasi hiyo akaishika baba wa binti.

Siku ya kuhama baba mkwe hakuja, kwa adabu ile ile. Alituma gunia la mchele wa Kyela, kitanda cha mninga, na ujumbe kuwa yale matofali amekwisha yafunika kwa majani ya migomba. Askari alipanda basi la Mbeya alfajiri ya siku ya saba, na likizo yake nyingine aliiandikia iwe baada ya miezi 4.